MPIRA UKIWA GOLI, NA UKIWA BADO
(Maneno ya Kamati ya Michezo kwenye mkutano wa chama, Chiungutwa)



Jumapili iliyopita ugomvi wa goli ulikaribia kufika kwenye fimbo. Basi tuelewane kabla ya mechi ijayo. Sheria yasema mpira WOTE uvuke mstari WOTE, katikati ya nguzo na chini ya mwamba, uwe chini au hewani. Ukibakia juu ya mstari hata kidogo, si goli. Na tusitazame miguu ya golikipa! Aweza kusimama mbele ya mstari huku mikono imeshaupitisha mpira nyuma. Hilo ni goli.

Si sisi tu. Aprili 5, 2024, kule Pretoria, Aziz Ki wa Yanga alipiga shuti, mpira ukagonga mwamba ukadunda chini. Wengi wetu tuliona umevuka. Goli likakataliwa, na marefa wa video walikuwepo. Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Sembuse sisi wa mstari wa majivu, upepo unaufuta kabla ya hafutaimu?

Kwa hiyo majivu yamwagwe upya kila hafutaimu, upana sawasawa na nguzo. Mshika kibendera asisimame nyuma ya goli na washangiliaji, akae usawa wa mstari. Akina mama na vijana, majivu ya jikoni yafike kwa katibu Jumamosi jioni.