Ukitaka Uzuri Udhurike, Lakini kwa Kiasi Gani?



Wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike. Niliukumbuka msemo huo nilipopita Genkuru, wilayani Tarime. Katika saluni moja nilimkuta fundi akimchora binti nyusi kwa sindano. Alipomaliza, aliifuta sindano ile ile kwa kitambaa, akamwita mteja wa pili.

Kuchora ngozi si jambo geni kwetu. Wamakonde walichanja nyuso na kupaka mkaa, na wazee wa Kikurya walitoga masikio hadi ndewe zikaning'inia. Ufundi wa leo ni wa kutia kivuli. Fundi hachori mstari, hudonoa vitone. Upande wa pua huviweka vichache, kwa mkono mwepesi. Kadiri anavyoelekea kwenye ncha ya nyusi, huvisongesha. Ukitazama kwa mbali, unaona kivuli kama cha wanja.

Siri yake ni kina. Sindano ikiishia juu mno, rangi hubanduka pamoja na magamba. Ikizama mno, rangi husambaa na kugeuka kama bluu. Kina kinachofaa ni kama milimita moja hivi, na hapo, ndugu zangu, umekwisha kuifikia damu.

Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata katika damu isiyoonekana kwa macho. Kitambaa hakiviui. Wala kubadili sindano peke yake hakutoshi, ikiwa wateja wote wanachovewa katika kikopo kimoja cha rangi.

Fundi yule aliniambia sindano ni ghali na wateja wanataka bei ya chini. Namwelewa. Lakini UKIMWI ulipotuvamia miaka ya 1980, hatukuacha kunyoa wala kuchanja chale. Tulijifunza kwenda na wembe wetu.

Basi dada, kabla hujalala kitini, taka pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, rangi yako imiminwe pekee, na fundi avae glavu mpya. Akikataa, inuka uende zako. Nao maafisa afya wanaokagua migahawa wapitie na saluni.

Nyusi zikiharibika, utazifunika kwa wanja. Ini halina wanja.

Tukutane wiki ijayo.