Mlezi na Mzazi Wapatane Mapema

(Maneno ya Mratibu wa Mradi katika semina ya kamati za sharika)



Tumepewa nafasi tuzungumze juu ya kina mama wanaolea watoto wa wenzao mchana, nyumbani kwao. Wengi wenu mnawafahamu, ni majirani zenu. Mwajiriwa hupata kwa sheria likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Mama lishe na muuza mboga hawana likizo hiyo. Wakirudi gengeni, mtoto huachwa kwa mlezi. Asipokuwepo mlezi, huachwa na dada yake aliyepaswa kuwa shuleni, au hufungiwa ndani. Kwa hiyo nyumba ya mlezi ikifungwa kwa sababu ya ugomvi, wa kwanza kuumia ni mtoto.

Katika kuwatembelea walezi hawa tumeona kwamba ugomvi mwingi hautokani na ubaya wa mtu. Mzazi anategemea hili, mlezi anafikiri lile, na hakuna aliyesema siku ya kwanza. Tutaje mambo manne.

Kwanza ni masomo. Mzazi wa mtoto wa miaka miwili huuliza, "Dada, miezi sita yuko hapa, mbona hajui hata a, e, i?" Mlezi akiogopa kumpoteza, huwakalisha watoto kwenye mkeka na kuwakaririsha kutwa nzima. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kuongeleshwa, kuimba, kucheza na kushika vitu. Programu ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inataja nguzo tano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Mlezi akiweza kusema, "Mama, leo ametaja rangi za vikombe na amenawa mikono mwenyewe," mzazi huona kwamba fedha yake haikupotea.

Pili ni chakula na dawa. Hapa pana hatari ya kweli. Mama humpa mtoto dawa ya homa alfajiri, akakimbilia sokoni bila kusema. Saa 3 asubuhi mlezi anaona joto, naye anampa tena. Dawa ya kawaida ya paracetamol ikizidi huharibu ini. Tunawaambia walezi: usitoe dawa ambayo mzazi hakuiacha pamoja na maelezo ya kiasi na saa. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria, asikisiwe. Tena mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe uji kwa sababu analia. Mama afundishwe kukamua maziwa na kuyaacha katika chombo safi chenye mfuniko.

Tatu ni saa na malipo. Mlezi ametegemea mtoto achukuliwe saa 12 jioni, mzazi anafika saa 2 usiku kwa kuwa biashara ilichelewa. Wote wana haki ya kusikilizwa. Lakini saa ya kuchukua, malipo ya kuchelewa, na siku mtoto akiugua, vitajwe mapema. Itajwe pia ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Akija mwingine, hata akiwa mjomba, mlezi asimtoe kabla hajampigia mzazi simu.

Nne ni adhabu. Wazazi wengine husema, "Mchape tu, ni wako." Mlezi ajibu kwa heshima kwamba nyumbani kwake hakuna fimbo, na aeleze anavyomtuliza mtoto.

Dawa ya yote haya ni ndogo: mazungumzo ya nusu saa kabla ya kumpokea mtoto, na daftari moja. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ukurasa mmoja wa mapatano uwekwe sahihi au dole gumba, na kila siku uandikwe mstari mmoja: amekula nini, amelala, ana homa au hana.

Tunaziomba kamati za sharika mambo mawili. Mtambueni kila mlezi aliye katika eneo lenu, mumsindikize kwa afisa ustawi wa jamii, kwa maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana viandikishwe. Pia chagueni mzee mmoja na mama mmoja wa kusuluhisha kabla mtoto hajahamishwa.

Marafiki wafadhili, mikeka, vyombo vya maji na ukarabati wa vyoo bado vinahitajika. Lakini tunawaomba mkumbuke pia mafunzo ya walezi na ziara za kuwafuatilia, ambazo hazionekani kwenye picha. Mkeka mpya haumsaidii mlezi ambaye wazazi wote wamemkimbia.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu analelewa na wawili. Tuwasaidie wasikilizane.