UNDUGU NA HATI
Hotuba iliyotolewa Same mbele ya wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme juu ya mazungumzo ya serikali kuhusu wakimbizi. Sitakwenda mbali, nitaanza na majirani zetu.

Hapa Upareni mgeni akipanda mlimani huulizwa ukoo wake. Akiutaja, hupata pa kulala. Serikali nazo huuliza, lakini zinauliza hati. Wazigua wa Mto Juba waliyaona hayo.

Katika karne ya 19 mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi ya Handeni, wakauzwa pwani ya Somalia. Waliotoroka walijenga kando ya Juba, na lugha yao hawakuiacha. Vita vilipozuka mwaka 1991, wengine walikuja Tanzania kwa bahari. Wengine walikimbilia Kenya, katika kambi za Dadaab.

Hao wa Dadaab waliomba kurudi katika nchi ya mababu, na mazungumzo yakafanywa. Lakini Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, na Tanzania haikuweza kuongeza mzigo. Mwaka 1997 ikajaribiwa Msumbiji, asili ya baadhi ya wenzao. Nayo mwishowe ikashindwa kwa uhaba wa fedha.

Mwaka 1999 Marekani ikakubali. Hapa vijana nisikilizeni. Orodha ya majina iliyoandikwa kwa safari ya Msumbiji, safari ambayo haikufanyika, ndiyo iliyotumika kama msingi wa kuwatambua. Mwaka 2002 watu wapatao 12,000 walisafirishwa kwa mabasi hadi Kakuma wakahojiwe, kwani Dadaab haikuwa salama kwa maofisa. Wa kwanza walifika Marekani mwaka 2003. Mwaka huo huo wale waliokuja kwetu, wapata 3,000, walipewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, na baadaye wengi wao wakapata uraia.

Basi, ndugu zangu, mazungumzo ya wakubwa yalivunjika mara mbili, na watu wakaokolewa na karani aliyeandika majina yao sawasawa. Asiyeandikwa, hata awe ndugu wa damu, hana la kuonyesha mezani.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na utu, wala nchi yoyote isilihesabu kuwa la uadui. Ni maneno mazuri. Lakini mkataba hauandiki majina. Majina huandikwa na watu waliosoma shule kama hii. Wapo kati yetu walioko uhamiaji, mahakamani na ofisi za kata. Jina la mtu likikosewa, tusimwambie arudi kesho.