Unga wa Alumini

Sufuria ya alumini hukaa motoni kila siku wala haiwaki. Lakini alumini hiyo hiyo ikisagwa ikawa unga, huwaka. Na vumbi lake likitanda hewani, cheche moja hulilipua kama baruti. Huko Kunshan, nchini China, tarehe 2 Agosti 2014, vumbi hilo lililipuka katika kiwanda cha kung'arisha magurudumu ya magari. Watu 75 walikufa siku ile ile, na wengine baadaye.

Basi fundi asivute sigara karibu nalo, wala asilipulize. Afagie taratibu, kila siku.

Unga ukiwaka, usimwage maji! Maji yakikutana na alumini iwakayo hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. Ufunike polepole kwa mchanga mkavu, nasema mkavu, kisha usiuguse mpaka upoe.