Kabla ya kununua kamera: mada kwa vijana kuhusu runinga yetu



Ndugu zangu, dada zangu, kila habari ya Waislamu inapotolewa vibaya kwenye runinga, mtu husimama kikaoni akasema: tufungueni kituo chetu. Takbir zinapigwa, kofia inapitishwa, majina ya kituo yanatajwa. Mimi sipingi. Lakini kabla hatujachanga hata shilingi, nawaomba msikilize kisa cha watu wa mbali, wala si Waislamu, waliopita njia hii hii.

Wales ni nchi ndogo ya milima, magharibi mwa Uingereza. Wana lugha yao, Kiwelisi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliona runinga ya Kiingereza inawamalizia lugha sebuleni mwao. Wakaunda kampuni, wakauza hisa, wakapewa kibali cha kituo cha biashara cha magharibi na kaskazini mwa Wales. Wakakiita Teledu Cymru, yaani Runinga ya Wales. Nia safi kabisa. Gwynfor Evans, kiongozi wa chama cha Plaid Cymru, alikuwemo kwenye bodi.

Kilifunguliwa Septemba 1962. Sasa hapa skizeni vizuri. Minara haikuwa yao, ilikuwa ya mamlaka ya utangazaji, na ilihitajika mitatu. Siku ya kufungua ulikuwa tayari mmoja tu! Wa mwisho ulikuja 1963. Mfanyabiashara gani atalipia tangazo kwenye kituo kisichoonekana? Na mishahara haingoji mnara. Tena nyumba nyingi za upande wa mashariki zilikuwa zishaelekeza antena kwa vituo vingine, hazikuona haja ya mtu kupanda tena juu ya paa. Mwaka huo wa 1963 wakaacha kutengeneza vipindi vyao, na Januari 1964 wakamezwa na jirani yao tajiri, TWW. Hata miaka miwili hawakumaliza.

Huku kwetu je? Tangu tuhamie dijitali 2015, kituo kidogo hakihitaji mlingoti wake. Unachukua leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kisha unamlipa mwenye kibali cha kusambaza mawimbi, uwe na matangazo au huna. Harambee ya siku moja inanunua kamera, sawa. Bili ya mawimbi mwezi wa saba, hamasa ishapoa, atalipa nani?

Wawelisi hawakulala. Walianza kudai chaneli ya umma kwa lugha yao. Vijana wakakataa kulipa ada ya runinga, wakapanda minara, wengine wakafungwa. Serikali iliahidi 1979, ikageuka mwaka huo huo. Ndipo Gwynfor Evans yule yule, mwaka 1980, akatangaza atagoma kula mpaka afe. (Dini yetu hairuhusu hilo, msije mkaninukuu vibaya.) Serikali ikasalimu amri kabla siku ya mgomo kufika. Tarehe 1 Novemba 1982 S4C ikaanza kurusha matangazo, na mpaka leo iko hewani.

Sisi mlango huo tunao bila mtu kufa njaa. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinavitaka vyombo vya habari vya serikali visipendelee upande, na vitoe nafasi kwa maoni tofauti. KBC ni mali ya umma, na mama anayeuza mahamri pale Majengo ni umma pia. Kati yetu tuliokaa hapa, nani ashawahi kuwaandikia barua rasmi akadai kipindi, akakitaja kifungu hicho?

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Watu wawili waende wakaulize bei ya kusambaziwa mawimbi kwa mwaka mzima, waje nayo kwa maandishi. Wengine tukae leo tuandike barua ya KBC, iondoke wiki hii. Bei ikishafika mezani, hapo tutabishana kuhusu jina la kituo.

Wabillahi tawfiq.