Kupanda ni Siku Moja, Kutia Maji ni Mwaka Mzima

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Eastleigh, Nairobi

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu waheshimiwa, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti havikutosha:

Twashukuru kwa heshima tuliyopewa ya kusema mbele yenu juu ya kazi ya vijana wetu katika kiwanja kilicho kando ya ukumbi huu. Taarifa ya hesabu mmekwisha kuisikia kwa Mtunza Hazina, na hakuna haja ya kuirudia. Sisi wa ofisini kazi yetu ni kuandika yaliyosemwa na kuyahifadhi. Lakini mwaka huu yatupasa pia kusahihisha neno moja tuliloliandika kwa mkono wetu wenyewe, maana neno hilo si kweli, na linawadhulumu watu waliomo humu ndani.

Katika kumbukumbu za Halmashauri za mwezi wa Februari imeandikwa kwamba miti iliyopandwa kiwanjani imekauka kwa sababu vijana hawana bidii. Twawaomba mlishike neno hilo, nasi tutalirudia baada ya kueleza kazi yenyewe ilivyokuwa.

Wazee mwaijua Eastleigh kuliko sisi. Kwa muda mrefu ilikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye ua. Tangu miaka ya 1990, hapo Garissa Lodge ilipogeuzwa kutoka nyumba ya wageni kuwa maduka, biashara imekua kwa kasi ambayo hapana aliyeitazamia. Palipokuwa na ua sasa pana ghorofa. Hatuinung'unikii biashara hiyo, kwani ndiyo inayowalisha wengi wetu. Lakini ardhi iliyo wazi imekuwa adimu, na mtoto atakaye kucheza mpira hucheza barabarani, kati ya matatu na mikokoteni. Ndiyo maana kiwanja chetu, ijapokuwa ni kidogo, ni mali kubwa.

Twaijua pia tabia ya udongo wetu. Ni ule udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka hata mtu aweza kutia mkono katika ufa, na wakati wa mvua hunata viatuni kama gundi. Mvua kubwa ikinyesha juu ya sakafu za saruji, maji hayana pa kwenda ila barabarani na milangoni mwa watu. Mwezi wa Aprili 2024 mto Mathare ulifurika, ukachukua nyumba na roho za watu, na waliopatikana na msiba huo ni majirani zetu wa hapo bondeni. Tusidanganyane: miti michache haiwezi kuuzuia mto uliokwisha kufurika. Lakini udongo uliofunikwa na majani na kushikwa na mizizi hunywa maji mengi kuliko saruji, na kivuli ni dawa ya joto na vumbi.

Serikali nayo imelihimiza jambo hili. Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko ili wananchi wote wapande miti. Tarehe 10 Mei 2024 ikatangazwa siku nyingine ya namna hiyo, kwa kuwakumbuka waliofariki katika mafuriko. Shabaha iliyotajwa ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hizo ni hesabu kubwa, na ni vema taifa liwe na hesabu kubwa. Lakini siku ya kupanda ikiisha, watu hurudi makwao, na mche hubaki peke yake ukingoja maji.

Sasa tuirudie habari yetu. Vijana wetu walianza kazi wakati wa mvua za vuli za mwaka jana. Hawakulipwa kitu. Kwanza waliondoa taka, na taka zile zilikuwa nyingi: mifuko, chupa, vitambaa vya mafundi cherehani, na vifusi vya nyumba zilizobomolewa. Kisha wakachimba mashimo, wakachanganya ule udongo mweusi na samadi, wakapanda mikinduri, mithiga na mitamaiyo, ambayo ni miti ya nchi hii, wala si mikalitusi inayonywa maji ya jirani zake. Siku ya kupanda Halmashauri yote ilihudhuria. Sisi sote tulipigwa picha tumeshika miche, na picha ile imetundikwa ukutani hapo nyuma yenu. Vijana waliochimba mashimo hawaonekani katika picha hiyo, kwa kuwa walikuwa wamekwenda kuteka maji.

Ukaja mwezi wa Desemba, ukafuatwa na Januari, na jua mnalijua. Miche ikaanza kunyauka. Ilipofika Februari, miti iliyosalia tuliweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Halmashauri ikakutana, ikasikitika, ikauliza sababu. Mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi ni hodari wa kuanza tu, na wengine wakaitikia. Nasi tukaandika.

Baada ya miezi kadhaa, kijana mmoja alituletea daftari ofisini. Lilikuwa daftari la shule, lenye jalada lililochakaa, ambamo vijana waliandika zamu zao za kila Jumamosi. Hakuja kulalamika. Aliomba tu tulihifadhi pamoja na vitabu vya Chama, kwa kuwa anahama mtaa. Tulilisoma jioni ile. Ukurasa wa kwanza una majina na hesabu ya madebe ya maji. Ukurasa wa pili hali kadhalika. Kisha, tangu katikati ya Desemba, chini ya kila Jumamosi yameandikwa maneno yale yale: bomba limefungwa. Jumamosi tano waliandika hivyo. Mara mbili waliongeza kwamba walichanga fedha zao wakanunua maji ya mkokoteni, yakatosha miti ya upande mmoja tu.

Wazee wetu, kufuli lile lilikuwa letu. Halmashauri iliagiza bomba lifungwe kwa sababu hesabu ya maji ilikuwa imepanda, na agizo hilo pia tuliliandika sisi, katika kitabu kile kile. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda nyumbani kwa sikukuu, kama ilivyo desturi yetu wengi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba pana miche nje. Tuliviweka vitabu viwili mezani, kile cha Halmashauri na lile daftari la vijana, tukaona wazi kwamba waliosema kweli ni wale ambao hatukuwauliza.

Kwa hiyo twaomba leo, mbele ya Mkutano huu, neno lile la Februari lisahihishwe, na iandikwe kwamba miti ilikauka kwa kukosa maji, na maji yalikosekana kwa amri yetu. Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nasi twaamini ni hivyo, endapo wazee wataambiwa neno lote.

Na msidhani kwamba jambo hili limetupata sisi peke yetu. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Profesa Wangari Maathai na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta mpaka uwanja wa Kamukunji, ambao hauko mbali na hapa tulipo. Wakapanda miti 7, kwa heshima ya Wakenya 7 waliotumikia watu wao, wa makabila mbalimbali. Hapo Kamukunji ndipo ulipoanzia mwendo ulioitwa baadaye Green Belt Movement, na mama yule alipewa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Hata hivyo, katika miti ile 7 iliyopandwa mbele ya watu wengi, aliandika mwenyewe baadaye kwamba iliyosalia ni 2 tu. Hakulificha. Katika kazi iliyofuata, akina mama wa vijijini walipewa fedha kidogo kwa kila mche uliokuwa umeshika, wala si kwa kila mche uliotiwa ardhini. Walihesabu uhai. Hilo ndilo funzo tulilolihitaji, na lilianzia karibu nasi.

Tuwatazame na vijana wengine wa upande huu wa mji. Kule Korogocho, kikundi cha Komb Green Solutions kilianza mwaka 2017 kusafisha kando ya mto Nairobi, mahali palipokuwa jaa la taka, wakapageuza kuwa bustani ambamo watoto hucheza. Kule Dandora, mtaa wenye jaa kubwa kuliko yote ya mji huu, vijana walizichukua nyua zilizo kati ya nyumba, wakazifagia, wakapanda majani na maua, na wenyeji wakawa wakitoa mchango mdogo kwa ajili ya utunzaji. Angalieni jambo moja linalofanana katika habari hizo mbili: vijana wale hawakuitwa kwa siku moja wakarudishwa makwao. Walikabidhiwa mahali, wakapatunza kama pao.

Tuliona pia jambo la kinyume. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Serikali ilianzisha Kazi Mtaani, na vijana wengi wakapata ujira wa siku kwa kusafisha mitaa na mitaro. Ilikuwa msaada mkubwa kwa nyumba nyingi, hatusemi vingine. Lakini fedha zilipokwisha, mahali pengi majani yaliota tena na mitaro ikajaa. Ujira peke yake hautunzi mahali, na moyo wa kujitolea peke yake nao huchoka. Mti hauendi ila kwa nyenzo.

Bwana Mwenyekiti, nyenzo tunazoziomba ni tatu.

Ya kwanza ni maji. Tutenge fedha za maji ya miezi ya kiangazi kabla ya kununua mche hata mmoja. Ikiwa fedha ni chache, basi tupande michache. Miti kumi inayonyweshwa ni bora kuliko mia inayopigwa picha. Tena kila nyumba yaweza kuweka kando maji ya kusuuzia mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, na vijana wakayapitia jioni. Shina likizungushiwa majani makavu, maji hayo hukaa udongoni siku nyingi zaidi.

Ya pili ni ufunguo. Ufunguo wa bomba uwekwe mikononi mwa vijana wenye zamu, nao watie sahihi katika daftari kila wautumiapo. Na vijana wawili, mvulana na msichana, wapewe viti katika Halmashauri, ili siku nyingine likitajwa jina lao wawepo wa kujibu. Twajua kwamba wako wazee wanaoona jambo hili ni la haraka. Twawajibu kwa adabu kwamba mtu aliyeaminiwa kubeba maji aweza pia kuaminiwa kusema.

Ya tatu ni mipaka. Kijana yule aliyeleta daftari alituuliza swali, nasi hatukuwa na jibu: "Tukishakitengeneza kiwanja hiki kikapendeza, kitakuwa cha nani?" Si swali la bure. Mwaka 1989 hata Uhuru Park, iliyo katikati ya mji, ilitaka kujengwa jumba la ghorofa 60, na Profesa Maathai alitukanwa na wakubwa kwa kulipinga kabla mpango ule haujaachwa. Ikiwa bustani mashuhuri namna hiyo ilitamaniwa, sembuse kipande chetu cha Eastleigh? Tunaomba hati za kiwanja zitafutwe, mipaka ipimwe, na nakala iwekwe mahali ambapo kila mwanachama aweza kuiona. Kijana hatakubali kutoa jasho lake juu ya ardhi ambayo kesho itazungushiwa mabati.

Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa barua ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, panapotajwa mwenye kupanda na mwenye kutia maji, na Mungu akuzaye. Ndugu zetu Waislamu nao hufundishwa kwamba mti ambao ndege au mtu hula matunda yake ni sadaka kwa aliyeupanda. Katika ukumbi huu tumo wa dini zote mbili, na katika jambo hili hatuna la kushindania. Mungu hajapata kushindwa na sehemu yake. Iliyopungua ni ile ya maji, nayo ilikuwa yetu.

Miti iliyosalia ingalipo. Mtakapotoka mtaiona upande wa kulia, imezungushiwa miiba. Ni mikinduri miwili na mtamaiyo mmoja, nao ni ule upande ulionyweshwa maji ya mkokoteni, yaliyonunuliwa kwa fedha za vijana wasio na kazi. Twawaomba kila mzee apite hapo kabla ya kwenda nyumbani. Mvua za vuli zinakaribia, na vijana wako tayari kuchimba tena. Wanangoja neno lenu.