Kufanana si Ushahidi: Tuvitambue Vifuniko vya Magurudumu ya Magari ya Kale ya Kimarekani



Leo tunazungumzia kitu kidogo kiwezacho kuzua ugomvi mkubwa: kifuniko cha gurudumu, ile sahani ya chuma inayoziba kitovu cha gurudumu. Magari na malori ya kale ya Kimarekani yamebaki machache, na kifuniko chake asilia kikipotea, kupata kingine ni kazi. Hung'olewa kwa dakika moja, huingia guniani, na huvuka mpaka bila kuonekana. Kwa hiyo inafaa anayemiliki, anayeuza na anayenunua ajue anachokitazama.

Kwanza, tutazame namna kinavyoshikiliwa. Kifuniko kidogo hufunika kitovu tu, na hubanwa na vinundu vilivyo kwenye rimu. Kifuniko kikubwa hufunika karibu uso wote wa rimu, na hushikilia kwa meno yaliyo pembezoni, upande wa nyuma.

Pili, tupime. Magari ya familia ya Chevrolet ya mwaka 1956 yalikuwa na rimu za inchi 15. Yale ya mwaka 1957 yalishushwa hadi inchi 14. Kifuniko kikubwa cha lile la kwanza hakiwezi kukaa sawasawa kwenye rimu asilia ya la pili. Futi kamba hapa husema kweli kuliko mdomo wa muuzaji.

Tatu, tusome nembo. Chevrolet hutumia umbo la tai ya kipepeo. Maandishi ya V8 kwenye kifuniko cha Ford hayawezi kuwa ya kabla ya mwaka 1932, kwa kuwa ndipo magari yenye jina la Ford yalipoanza kuuzwa yakiwa na injini hiyo.

Nne, tugeuze nyuma. Baadhi ya vipuri asilia vya Ford vina alama ya FoMoCo, na vingine vina namba. Katika namba hizo, herufi B huonyesha miaka ya 1950, C miaka ya 1960, na D miaka ya 1970; tarakimu inayofuata hutaja mwaka wenyewe. Hivyo C5 ni 1965. Lakini tahadhari: huo ni mwaka kipuri kilipobuniwa, na kipuri hicho huenda kiliendelea kutumika katika magari ya miaka iliyofuata.

Ndugu wananchi, yote hayo yanatueleza kifuniko ni cha gari gani. Hayatuelezi ni cha nani. Kiwanda kilitoa maelfu yanayofanana kama mayai. Hata Marekani, sheria ya mwaka 1984 ilipoagiza sehemu kuu za magari yanayoibwa sana zitiwe namba ya utambulisho, kama vile injini, milango na bampa, vifuniko vya magurudumu havikuwamo.

Kwa hiyo tunawasihi mambo matatu. Mwenye gari achore alama yake ya siri upande wa ndani wa kila kifuniko, apige picha mbele na nyuma, na azihifadhi pamoja na kadi ya gari. Mnunuzi na muuzaji waandikiane: majina, tarehe, mahali na bei. Na la tatu ndilo zito kuliko yote: mtu akikutwa sokoni na kifuniko kinachofanana na kilichopotea, asipigwe, asifungwe kamba, wala kibanda chake kisichomwe moto. Aitwe polisi. Sisi tutalinganisha alama, picha na maandishi, kisha sheria ifuate mkondo wake.

Chuma kilichopotea huweza kupatikana. Uhai wa mtu asiye na hatia haurudi.